Chama Gani?

Binti yangu alitutangazia kwamba anagombea ubunge wa Washington siku ambayo mimi ndiye niliyepika, na samaki yule hakuliwa vizuri. Nilimwambia siasa niliikimbia Kenya nikiwa kijana, sikuvuka bahari nije kuifungulia mlango Texas. Mama yake ni muuguzi, anabishana na madaktari mchana kutwa, na nilimtegemea anisaidie. Yeye akamwongezea binti yetu mchuzi. Nyumbani kwetu huko ndiko kukubali, kwa hiyo mimi nilishindwa uchaguzi wangu pale pale mezani.

Tunaishi Missouri City, kusini-magharibi mwa Houston. Mimi nafanya kazi maabara, napima damu za watu ambao siwaoni, na kazi hiyo inanifaa kwa sababu damu haina maneno mengi. Binti yangu ni kinyume changu. Alisomea sheria, akawa wakili wa wapangaji wanaofukuzwa nyumba, na kila jioni alirudi na hasira mpya. Alitaka kila mtu atibiwe bila kuulizwa kwanza bima yake iko wapi. Wenzetu wenye nyumba mpya kule Katy, ambao hata si wa jimbo letu la uchaguzi, walimwita mkomunisti huku wakila chapati zangu. Niliwajibu kwamba mkomunisti wa kwanza katika ukoo wetu alikuwa bibi yangu, aliyekuwa akigawa maziwa kwa jirani bila kuuliza bima.

Yafaa nieleze mambo ya hapa yanavyokwenda. Uchaguzi wenyewe ni Novemba, lakini kabla ya hapo, Machi, kila chama huchuja wagombea wake. Jimbo letu ni la chama kimoja miaka nenda miaka rudi, kwa hiyo Machi ndiyo vita na Novemba ni sherehe. Aliyekuwa akikikalia kiti ni mzee wa chama hicho hicho cha binti yangu, mpole, anayezika na kila mtu na kucheza arusi ya kila mtu. Binti yangu alikuwa na umri wa kwenda shule ya msingi mzee yule alipoapishwa mara ya kwanza.

Nilipoona haachi, nikaingia kwa miguu yote miwili. Nilimwambia asihangaike na watu wa televisheni, aanze na watu wetu. "Mcheza kwao hutunzwa," nikamwambia, na kwa kuwa Kiswahili chake ni cha kuokotaokota, nikamfafanulia: anayecheza ngoma kwao, watu wa kwao ndio humtuza. Aliupenda msemo huo mno. Akauandika kwa wino mwekundu kwenye ubao wa ofisi yao ya kampeni, na vijana Wazungu waliokuwa wakimsaidia wakawa wanausoma kwa sauti, hata nikatamani kucheka na kulia.

Jumapili nilimpeleka kanisani kwetu, kwa Wakenya. Jumamosi nilimpeleka kwenye maghorofa ya kupanga wanakokaa Wakongo, watu waliotoka Kivu wakapitia kambi za wakimbizi miaka mingi kabla ya kuletwa huku kufanya kazi za maghala na kulea wazee wa watu. Huko ndiko tulikokutana na mama mmoja mjane, mfua nguo katika makao ya wazee. Ana sukari. Dawa yake ilikuwa ghali, kwa hiyo alikuwa akiigawa, nusu leo na nusu kesho, na alituambia hayo kama mtu anayeeleza namna ya kupika wali. Binti yangu akauliza kwa Kiswahili chake, "Mama, na ukiumwa?" Mama akasema, "Naumwa, mutoto. Njo ile," yaani ndiyo hivyo.

Tangu siku hiyo binti yangu hakusimama jukwaani bila kumtaja mama yule, bila jina. Wakati mwingine wote alikuwa mwanasiasa kama wanasiasa wengine, nami babake nasema hivyo. Akifika kwa mama, sauti ilibadilika na ukumbi ukatulia. Na mama naye alimshika. Alimpikia sombe, majani yao ya muhogo, na fufu, ugali wao, akamwita "mutoto wetu," akamfunga kitenge kiunoni mbele ya majirani. Siku aliyoapishwa uraia alikuja na karatasi yake kwenye mfuko wa plastiki, akamwambia binti yangu kwamba kura yake ya kwanza maishani, ya kupiga bila askari mlangoni, ni ya kwake. "Tuko pamoja," akasema. Maghorofa yote yalisema tuko pamoja. Kanisa lote lilisema tuko pamoja. Binti yangu alikuja na ramani ya kampeni, kijani kwa wanaokubali na nyekundu kwa wanaokataa, na mitaa ya watu wetu yote akaipaka kijani.

Machi ilipofika matokeo yalitoka mapema kuliko chai iliyokuwa jikoni. Hakushindwa kwa aibu, lakini alishindwa, na aliposoma kituo kwa kituo akaona kwamba amepata kura kwa wanafunzi, kwa Wamarekani weusi vijana, hata kwa Wazungu wa vibaraza vya maua. Palipokuwa kijani, kwa watu wetu, palikuwa pamekauka. Hawakumpigia mzee. Hawakwenda kabisa.

Wakaja kutupa pole. Wakenya tunajua kutoa pole. Walijaza sebule, wakamwambia asiyekubali kushindwa si mshindani, mmoja baada ya mwingine, kama waliokubaliana njiani. Binti yangu aliwahudumia chai kwa mikono miwili, kwa adabu niliyomfundisha mimi. Walipoondoka akaanza kuosha vikombe, nikamwambia aache.

"Dad, si walisema tuko pamoja?"

"Walisema, mama."

"They looked me in the eye. Yule mama alisema kura yake ya kwanza."

Akakausha kikombe, akakiweka, akaniuliza bila hasira, na ningependa angekuwa na hasira, "Mcheza kwao hutunzwa. Okay. So kwao ni wapi? Kwangu mimi, ni wapi?"

Alizaliwa hapa, akakua akiambiwa si wa hapa. Watoto wa shule walimwuliza anatoka wapi, shangazi zake wakamcheka Kiswahili chake. Kampeni ile, naona sasa, haikuwa ya kiti tu. Alikuwa amekuja kubisha mlango wetu aone kama kuna mtu ndani.

Baada ya miezi miwili alihamia Dallas, akapata kazi kwenye kampuni inayosoma mikataba ya makampuni mengine. Mtu aliyekuwa akilia kwa ajili ya wapangaji sasa anasoma vifungu vya maghala ya Fort Worth. Nikimpigia simu, nazungumza Kiswahili, ananijibu Kiingereza. Mama yake akimwalika aje, ana kazi. Akinitajia kanisa anasema "your people," watu wako, na kila akilisema nahisi kama ananirudishia kitu nilichomwazima.

Nami nikakasirika kwa niaba yake. Mtu akinisalimia kanisani kwa tuko pamoja, nilimjibu, "Wapi?" Mke wangu akasema nimekuwa mzee mwenye kisirani. Nikamwambia kisirani ni haki yangu, wengine wana bima, mimi nina kisirani.

Novemba mama wa Kikongo akanipigia simu. Tangu Machi sikuwa nimezungumza naye. Aliomba nimpeleke kupiga kura, kwa sababu gari la kijana wake limeharibika na Kiingereza cha mashine kinamshinda. Nusura nikatae. Lakini mjane ni mjane, na mke wangu alikuwa amesimama pale ananitazama.

Nilimkuta mlangoni amevaa kitenge kipya na kilemba chake, amejipaka mafuta, ana mkoba wa kanisani. Kituo kilikuwa kwenye maktaba. Anayemsaidia mpigakura hula kiapo kwamba hatamwelekeza, si kwa neno wala kwa ishara, amchague nani, nikaapa, tukasimama wawili mbele ya kioo cha mashine. Nikamsomea majina ya urais akachagua. Nikamsomea ya seneti akachagua. Tukafika ubunge, nikasoma jina la mzee na la mpinzani wake wa chama kingine.

Mama akangoja. Kisha akasema, "Na mutoto?"

"Mama, hayumo."

"Soma tena, Baba."

Nikasoma tena. Akasogeza uso wake karibu na kioo, akapitisha kidole chini ya kila jina bila kuligusa. Hakujua kusoma Kiingereza vizuri, lakini jina la binti yangu alilijua, lilikuwa kwenye bango lililokaa dirishani kwake mwaka mzima. Nilitaka kumweleza, lakini kiapo kilinizuia. Mwanamke wa kituo akatuuliza kama kuna tatizo. Nikasema hakuna.

"Hapa tunaweza kuruka?" mama akauliza kwa sauti ya chini.

"Unaweza."

"Basi turuke. Nafasi yake tumuachie."

Tukaruka. Akamaliza mengine yote, mashine ikachapa karatasi yake, akaiingiza sandukuni, akabandikiwa kibandiko kifuani juu ya kitenge. Hakuuliza kitu mpaka tulipofika kwenye gari. Hapo ndipo nilipomwambia kwamba binti yangu alishindwa Machi, na kwamba kwa sheria ya Texas aliyeshindwa kwenye mchujo haruhusiwi kurudi Novemba kivyake. Nilidhani anajua. Dunia nzima ilijua.

"Nilijua," akasema. "Parti ilimukatala. Nikasema, sawa, parti njo yao. Novemba ni ya bantu. Kwetu, mutu parti ikimukatala, anakuyaka peke yake."

Parti kwake ni chama, bantu ni watu, anakuyaka ni anakuja. Na ni kweli. Hata kwetu Kenya, anayeangushwa kwenye mchujo huonekana wiki ijayo na bango jipya, mgombea huru. Nani angemwambia kwamba hapa mlango ukifungwa umefungwa?

"Lakini Machi, mama," nikasema, na sauti yangu haikuwa nzuri, "Machi hukwenda."

Akaniangalia kama mtu aliyesingiziwa wizi. "Nilienda! Nilikwenda na miguu. Nilipanga mulolongo. Nikafika kwa ule bibi mwenye miwani, akaniuliza mu Kiingereza, kijana nyuma yangu akanitafsiria. Ananiuliza: chama gani?" Akashika kifua. "Baba, mbele ya bantu bote. Chama gani! Kwetu bwana yangu balimuuliza ile neno mu barabara. Alijibu. Balimuua na jibu lake. Sasa miye, na uraia mupya, nijibu? Nikasema sina chama, mama, sina, nikarudi kwangu. Na bale ba batimenti yetu, ba ile ghorofa yetu, benye balikuwa nyuma, bakaona natoka, nabo bakatoka."

Nilikaa na mikono kwenye usukani. Ni swali la kawaida. Machi kila karani huliuliza, kwa sababu hapa hujisajili na chama chochote, unasema tu pale mezani unataka karatasi ya upande gani. Mimi hulijibu huku natafuta funguo mfukoni. Katika mikutano yote ile, na chapati zile zote, tuliwaeleza watu kuhusu dawa, kodi na mishahara. Hakuna aliyewaeleza kwamba watakutana na swali lile, wala kwamba hapa ni swali tu. Nikafikiria pia Wakenya wangu, wanaojua kwamba mchujo wa chama ni wa wenye kadi na mawe, na mtu mwenye akili siku hiyo hushinda nyumbani akafunga mlango. Walikuwa wakisema tuko pamoja na wakimaanisha Novemba.

Nikampigia binti yangu. Ilikuwa saa yake ya chakula cha mchana huko Dallas. Nilimweleza yote, vibaya, nikirudi nyuma na kwenda mbele. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye karani mwenye miwani, nikasikia amevuta pumzi.

"She went?" akasema. "Alienda?"

"Alienda kwa miguu."

"Na leo?"

"Leo alikutafuta. Tulisoma mara mbili."

Mama alikuwa amenyoosha mkono, nikampa simu. Aliishika kwa mikono miwili. "Mutoto wetu," akasema, "miye sikukudanganya. Kura yako nilikuwekea. Leo nilikutafuta, sikukuona, nikakuachia nafasi yako. Sikumupa mutu."

Nilimsikia binti yangu akilia, kwa sababu mama ana masikio mazito na simu nilikuwa nimeiweka sauti yote. Alilia kama alivyolia alipokuwa mdogo, bila lugha. Kisha akasema kwa Kiswahili, pole pole, neno kwa neno, "Asante, Mama. Umekunywa dawa?"

"Nusu," mama akasema. "Ingine kesho."

Kule maktaba mlolongo ulikuwa umefika hadi kwenye maegesho, na watu walikuwa wakitoka na vibandiko vyao wakicheka. Karatasi ya mama ilikuwa tayari ndani ya sanduku pamoja na zao. Wakija kuihesabu, kwenye ubunge wataandika kwamba mpigakura huyu hakuwa na mtu.