Ihramu Tumboni mwa Ndege

Bibi yangu alijifunza umra, ile hija ndogo ya Makka, akiwa amekaa. Magoti yake yalikuwa hayamruhusu kuzunguka, kwa hiyo niliyezunguka ni mimi, na yeye akinitazama kutoka kwenye kiti chake. Ustadhi wa mtaa wetu, ambaye pia ndiye aliyekuwa atuongoze safarini, aliweka mtungi wa gesi katikati ya ukumbi akasema tuuchukulie kuwa ndiyo Al-Kaaba. Alama ya jiwe jeusi ilikuwa ndara ya Bibi, mpaka Bibi mwenyewe alipokataa, akatoa chetezo chake kiwekwe pale.

"Mtungi uwe kushotoni kwako," ustadhi alinielekeza. "Unaanzia kwenye chetezo na unamalizia kwenye chetezo. Mara saba."

Nikazunguka. Baada ya hapo nikasali rakaa mbili, nikanywa maji ya bomba kwa niaba ya zamzam, nikatembea kutoka mlango wa jikoni, ambao ulikuwa kilima cha Safa, mpaka mlango wa mbele, ambao ulikuwa kilima cha Marwa. Bibi alihesabu kwa vidole. Nilipokosea alinirudisha.

"Mume wangu, umeruka mmoja," alisema. Ndivyo anavyoniita tangu nilipokuwa mdogo, kama mabibi wengi wanavyowatania wajukuu zao. "Huko usije ukanisukuma hivyo hivyo."

Nimsukume mimi, hilo ndilo alilolitaka kuliko yote. Baba yangu alikuwa amemwahidi kumpeleka umra, akafariki kabla. Wanawake wenzake walimshauri akodi mtu wa kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu, maana kule wapo wanaofanya kazi hiyo. Bibi hakutaka. Alisema hataki kuizunguka Kaaba na mgongo wake ukiwa mikononi mwa mtu asiyemjua. Anataka mkono wa mtoto wa mwanawe. Nilimwitikia.

Siku moja ustadhi aliniambia nivae zile shuka mbili nyeupe za ihramu nizizoee, niende nazo mpaka kwake, nyumba kama sita mbele ya yetu. Moja inafungwa kiunoni, ya pili inakaa mabegani, na wakati wa kuzunguka bega la kulia linaachwa wazi. Mimi ni mtu wa haya. Hata dukani huwa nangoja wengine wote wahudumiwe ndipo niseme ninachotaka. Nilipita barazani walipokaa vijana wenzangu nikiwa nimeinamisha kichwa.

"Sheikh, maji yamekatika?" mmoja aliuliza.

"Mwacheni, katoka kuoga. Anatafuta sabuni."

"Bega hilo lifunike, utaliwa na kunguru."

Hawakuwa na ubaya. Walicheka, nami nikajidai kucheka. Lakini usiku ule niliamua kwamba siku ya safari sitapita mbele yao hivyo, wala sitakaa uwanja wa ndege hivyo. Nitavaa ndani ya ndege.

Siku yenyewe nyumba ilijaa watu. Bibi alikuwa amekwenda kwa majirani wote kutaka radhi, mmoja mmoja, hata yule waliyenuniana naye kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo. Shangazi yangu alikuja na udi kumfukiza, Bibi akamzuia, maana harufu ingemfuata njiani, na ukishatia nia ya umra hutakiwi kujitia manukato. Wanaume wengine wa msafara walikuja wamekwishavaa shuka zao. Bibi akanitazama nilivyo na suruali na shati.

"Na wewe?"

"Ntavaa kwenye ndege, Bibi. Vijana wengi wanafanya hivyo."

"Ihramu iko wapi?"

"Imo mkobani."

Ilikuwa imo kweli. Lakini pale tunapokabidhi mizigo, mtu wa kaunta aliutazama mkoba wangu akasema ni mkubwa, uende chini na mizigo mingine. Nilitaka kumwambia angoje nitoe kitu. Nyuma yangu palikuwa na foleni ndefu, na mwanamke mmoja alikwisha kuguna. Nikauachia. Niliutazama unavyokwenda kwenye ule mkanda mpaka ukapotea. Neno moja tu lingetosha, sikulisema.

Tukapanda ndege. Kuna mahali njiani panapoitwa mikati. Ni mpaka ambao mtu anayekwenda umra hatakiwi kuupita kabla hajatia nia. Ndege haisimami hapo, panatangazwa tu. Ilipotangazwa kwamba tunakaribia, wanaume waliokuwa bado hawajavaa waliinuka kwenda chooni. Bibi alikwisha kutia nia, midomo yake ilikuwa ikitaja Labbaika, itikio la wanaokwenda Makka.

"Kavae, mume wangu. Tunafika."

"Mkoba umekwenda chini, Bibi."

Akanyoosha kidole. "Nenda kamuulize ustadhi ufanyeje. Yuko mbele pale."

Niliinuka. Nilipita safu kadhaa za viti. Ustadhi alikuwa amefumba macho anasoma nyiradi, na pembeni yake walikaa watu wazima wawili weupe pepe kwa ihramu zao. Nikajiona nilivyo na suruali yangu. Nikasimama karibu na mlango wa choo kwa muda, kisha nikarudi.

"Kasema nini?"

"Kasema hakuna neno. Nitavaa Jidda."

Akaniamini. Aliegemeza kichwa akaendelea na Labbaika yake, na sisi tukaupita mpaka, yeye na nia yake na mimi na uongo wangu.

Jidda, tulipokwisha kugongewa pasi, ustadhi aliniona.

"Mbona hujavaa?"

Bibi ndiye aliyemjibu. "Si wewe uliyemwambia avae huku?"

Ustadhi alinitazama. Hakuninyanyulia sauti, na hilo lilikuwa zito zaidi. Akanieleza pale pale, mbele ya Bibi, kwamba ningeweza kutia nia hivyo hivyo na suruali yangu, kisha nikatoa fidia kwa ajili ya nguo. Akaniambia pia kwamba mkobani mwake mlikuwamo ihramu ya akiba, huwa anaichukua kila safari kwa ajili ya watu wa namna yangu. Sasa nimeupita mpaka bila nia. Kilichobaki ni nirudi mikati kwa gari nikatie nia huko, au nitie nia hapa hapa kisha nichinje mnyama wa fidia. Alinishauri nirudi.

"Basi na tumngoje," Bibi alisema.

"Bibi, wewe umo ndani ya ihramu, na miguu ishakuvimba. Yeye huenda akafika kesho. Usijitese."

Bibi aliitazama miguu yake. Kisha akanitazama mimi, na sikuona hasira. Ningependa ningeiona. Akasema, "Haya, nenda. Sie tutatangulia."

Nilirudi mikati kwa gari ya mwenyeji wa msafara, mtu asiyependa mazungumzo, nami nikamshukuru moyoni. Nilikoga, nikavaa, nikatia nia. Nilipofika Makka siku ya pili Bibi alikuwa amekwisha maliza. Nilimkuta kitandani hotelini, nywele zimepunguzwa ncha, homa imempanda. Alisukumwa na kijana wa kukodi, mtu mwenye haraka, aliyekuwa akipiga simu huku akisukuma. Aliniambia hayo mwanamke aliyelala naye chumba kimoja, Bibi hakuyataja. Homa haikumwacha mpaka tunaondoka, na nafasi ya kumsukuma, hata mzunguko mmoja wa sunna, sikuipata tena.

Umra yangu niliifanya peke yangu. Nilikuwa naijua vizuri, kila kitu kilikuwa kama ukumbini kwetu ila ukubwa. Sikukosea hata hesabu moja.

Tuliporudi Unguja watu walikuja kumpongeza Bibi. Ndugu zake wa Jambiani walikuja na nazi na pweza mkavu, majirani wakakaa mpaka ngazini. Bibi aliwagawia zamzam kwenye vikombe vya kahawa, na tende moja moja. Mimi nilikuwa mlangoni na birika.

"Na huyu mumeo," shangazi aliuliza, "alikusukuma vizuri, au alikutia ukutani?"

Wanawake wakacheka.

"Alinisukuma," Bibi alisema. "Vizuri kabisa."

Hakunitazama. Aliendelea kumimina, na maji yakamwagika kidogo kwenye kisahani. Nikajua kwamba bibi yangu, aliyezunguka mtaa mzima kutaka radhi, aliyekwenda mbali vile ili arudi hana dhambi, huu ndio uongo wake wa kwanza tangu arudi, na ameusema kwa ajili yangu.

"Siye mimi," nikasema.

"Anaona haya," shangazi aliwaambia wenzake. "Hata sifa zake mwenyewe anazikimbia. Mtoto gani huyu."

"Siye mimi, shangazi. Alisukumwa na mtu wa kukodi."

Kicheko kilipungua. Nikaweka birika chini, nikaeleza. Mkoba, suruali, mpaka, na kwamba nilimwambia Bibi ustadhi kasema, na ustadhi hakusema. Sijawahi kusema maneno mengi namna ile mbele ya watu. Nilipomaliza, mzee mmoja wa Jambiani aliomba tende nyingine, na shangazi akaanza kukusanya vikombe ambavyo vilikuwa bado vina maji.

Watu walipoondoka Bibi hakusema nami mpaka baada ya alasiri. Kisha akaniita kutoka chumbani kwake.

"Naam, Bibi."

"Umeniumbua mbele ya wageni wangu."

"Nisamehe."

"N'likuwa n'natafuta namna ya kuufuta ule uongo mwenyewe, polepole. Wewe umekuja na ndoo nzima ya maji." Akajivuta kidogo akanipisha nikae ukingoni mwa kitanda. "Hebu n'ambie. Ulipokuwa unazunguka peke yako, uliomba nini?"

"Niliomba nisamehewe."

"Mizunguko yote?"

"Yote."

"Na mie? Uliniombea nini?"

Nilifikiri. Nilitaka kupata hata dua moja, hata nusu yake, na ningeweza kuitunga, maana yeye hakuwapo. Alikuwa akinitazama kama siku zile za mtungi, akingoja hesabu.

"Sikukuombea, Bibi. Nilijiombea mwenyewe tu. Nilikusahau."

Nje mtu alikuwa akipita anauza samli. Bibi akafungua viganja vyake akaviweka juu ya magoti.

"Basi niombee sasa," alisema. "Na kwa sauti, n'sikie."

Nikainua mikono, nikaanza.