Jiwe la Kuanikia Udaga

Usiombe kuuza nyumba uliyokulia, rafiki yangu. Mwezi uliopita nilirudi Bukima kuikarabati nyumba ya bibi ipate mnunuzi.

Bibi alishatangulia. Mama alibaki pale peke yake mpaka magoti yakamgomea, tukamhamishia Bunda, Kabasa, kwa dada yangu. Analala sebuleni, na mgeni akija asubuhi inabidi aamshwe. Nyumba ikiuzwa tunamjengea chumba chake. Isipouzwa, ndiyo hivyo tena.

Basi nikapaka chokaa, nikabadilisha mabati yaliyotoboka, nikasugua jiko mpaka masizi yakatoka. Kila nikimaliza kona moja naona nyingine imechakaa zaidi. Usingizi siupati, nawaza mlango unaolia.

Mbele ya nyumba kulikuwa na jiwe bapa, pana kuliko sebule. Bibi alikuwaga anaanika juu yake mihogo iliyovundikwa, ile ya udaga, na upande wa pili dagaa. Sisi wajukuu tunakaa na fimbo kufukuza kuku na kunguru. Jua likishapanda, ukikalia jiwe bila kanga linakuunguza makalio. Harufu ile ilitufuata hadi shuleni, mwalimu alikuwaga anatujua kabla hatujamsalimia.

Shida ilikuwa mvua ya ziwani, haipigi hodi. Bibi akiona wingu jeusi upande wa ziwa anaita kutoka shambani, "Jiwe! Jiwe!" Hakusema mihogo, hakusema njooni. Tunaacha tulichoshika, hata ugali mdomoni, tunakimbilia mabeseni. Udaga ukilowa unaota ukungu, na ugali wake mchungu tutaula hivyo hivyo. Mimi nilikuwa mtoto mwoga. Nikisikia ngurumo nikiwa darasani, somo limeisha hapo hapo, nawaza nani yuko kwenye jiwe.

Sasa dalali, kijana wa maneno mengi kutoka Musoma mjini, alikuwa amemtumia picha mama mmoja wa Mukendo, huko huko mjini. Huyo mama akajibu kwamba Jumamosi anakuja kuiona. Dalali akalitazama lile jiwe, akatikisa kichwa.

"Dada, watu wa mjini wana magari. Atageuzia wapi? Hili litatuharibia biashara."

Nikampigia mama yangu kumuuliza kama tulivunje. "Nyie fanyeni tu," akasema. "Mimi nataka pa kulala." Ilinikata maini.

Wavunja kokoto wakalirundikia magogo na matairi, wakalichoma kutwa nzima, kisha wakalimwagia maji. Likapasuka katikati, nyundo zikamalizia. Nilitamani kuwaambia waache, lakini nikaingia ndani kutundika mapazia.

Jumamosi mama wa Mukendo akaja, kwa bodaboda. Mtu mzima, mpole, kanga yake imepakaa unga. Vyumbani alipita haraka haraka, chokaa yangu hata hakuitazama. Akatoka nje, akaangaza huku na huku.

"Mwanangu, lile jiwe la kwenye picha liko wapi?"

Dalali akaanza habari za magari.

"Gari la nani?" yule mama akamuuliza. "Mimi nauza unga wa udaga sokoni. Mjini naanika kwenye turubai, mchanga unaingia, wateja wananinunia. Nilipoona jiwe nikasema Mungu kanikumbuka."

Hakugomba. Alinishika bega akanipa pole, kama mtu aliyefiwa, akapanda bodaboda yake. Dalali naye akakumbuka ana mteja mwingine mjini.

Nikakaa barazani na simu mkononi, natafuta la kumwambia mama. Nilijilaumu, nikamlaumu dalali, nikarudi kujilaumu. Ndipo wingu likaibuka upande wa ziwa. Sijui niliinukaje, nilishtukia niko nje nakimbia, beseni mkononi, na mbele yangu kokoto tupu. Bibi hayupo, mihogo haipo, jiwe nalo tumelivunja wenyewe. Woga wa wingu ndio pekee ambao sikuweza kuuondoa kwenye nyumba ile.

Matone yakaanza kudondoka. Simu ikaita, alikuwa mama. Nikajua atauliza habari za mnunuzi, nikavuta pumzi.

"Wingu naliona mpaka huku," akasema kwa haraka. "Mmeshaanua?"

Nilisimama pale nalowa na beseni langu.

"Ndiyo, mama," nikamjibu. "Tumeanua."