Kitambaa cha Ijumaa

Munira alikulia katika nyumba ambamo hakuna kitu cha thamani kilichoachwa uchi. Redio ilikuwa na kitambaa chake, televisheni chake, hata dumu la maji ya kunywa lilivaa. Mama yake, Hamisa, alivifuma mwenyewe tangu enzi za kibarua cha kiwanda cha mkonge Ngombezi, na vile vizito vyeupe alivitoa sandukuni Ijumaa asubuhi tu, jioni akavikunja.

Munira alipotafuta pa kuweka seva yake, kompyuta isiyozimwa inayobeba ukurasa wa zamu za trekta wa wakulima wa Handeni, mama alitoa cherehani chumbani akaihamishia barazani. "Kaa humo na huyo mtoto wako," alisema.

Zamani zamu ziliandikwa daftarini, na aliyekaa jirani na daftari ndiye aliyelimiwa kwanza. Wajane wa mbali walipata trekta mvua ikiwa imeshawapita. Kwa ukurasa wa Munira kila mtu aliona jina lake kwenye simu. Kila Ijumaa Munira alidamka nyumbani Korogwe kwenda Handeni, na saa sita Mzee Mhina, mwenyekiti wa kikundi, akafungua zamu za wiki mbele ya watu. Tatizo ni kwamba Ijumaa tatu mfululizo ukurasa ulikwama saa hiyohiyo.

"Mwanangu, ukurasa ukigoma tena tunarudi kwenye daftari," Mzee Mhina alimwambia. "Mvua haina subira."

Munira alidhani ni wingi wa watu. Hata hivyo alikuwa amechoka kutibu bila kupima, akakesha siku mbili akiweka programu ya kuichunguza seva: watu wangapi wamefungua, inajibu kwa sekunde ngapi, kumbukumbu imejaa kiasi gani, ina joto gani. Kila kipimo kilikuwa na mstari wake kwenye simu, na kikivuka mpaka, simu ingelia.

Ijumaa simu ililia saa nne na nusu, Munira akiwa ofisini kwa Mzee Mhina. Mstari wa watu ulikuwa umelala chini, wawili watatu tu. Kumbukumbu ilikuwa na nafasi tele. Lakini mstari wa joto ulikuwa unapanda kama basi linalotoka Mombo kukwea mlima hadi Lushoto. Alitoka nje mbio, akapiga nyumbani.

"Shikamoo, mama. Feni ya chumbani imezimika?"

"Marahaba. Inazunguka. Kwani kuna nini?"

"Mashine inaungua. Hebu itazame, ikoje?"

"Iko vizuri tu. Nimeifuta vumbi, nimeivika."

"Umeivika nini?"

"Kitambaa chake cha Ijumaa. Handeni nzima inaitegemea, halafu ikae uchi siku kama ya leo?"

"Mama, kivue! Kivue sasa hivi, haipumui!"

Mstari ulisita, ukaanza kushuka. Saa sita Mzee Mhina alibonyeza, na ukurasa ukafunguka kabla hajainua kidole. Jina la kwanza lilikuwa la Bibi Asnath, mjane anayekaa mbali kuliko wote. Watu walipiga makofi.

"Ilikuwa inaumwa nini?" Mzee Mhina aliuliza.

"Joto, mzee." Wahenga wana methali yao kuhusu kikulacho na nguo, lakini Munira aliimeza.

Jioni alimkuta mama barazani, kitambaa kikiwa mapajani bila kukunjwa.

"Kumbe ni mimi niliyekuwa naiua," Hamisa alisema.

Munira alikaa mkekani, akakitandaza kile kitambaa. Ijumaa zote alikuwa Handeni, hakuwahi kukiona. Katikati mama alikuwa amefuma trekta, magurudumu mawili makubwa, mawili madogo, moja limepinda kidogo. Munira alishukuru moyoni kwa chumba, kwa cherehani iliyolowa barazani kila mvua iliponyesha, kwa kila kitu ambacho hakuwahi kukisemea.

"Ahsante, mama. Kwa yote."

Waliiinua seva pamoja, wakatandika kitambaa chini yake. Munira akaiweka ile mistari kwenye simu ya mama pia, akamwonyesha ule wa joto.

Ijumaa iliyofuata, watu wakiwa wameshakusanyika Handeni, simu ya Munira ililia. Alikuwa mama.

"Mtoto wako amefika nyuzi hamsini na mbili," Hamisa alinong'ona. "Nimsogezee feni?"