Mandazi Yaliyorudi Kawangware

Sijui ni nani aliyewaambia walimu wa fasihi kwamba mtoto akilia akisoma riwaya basi amekuwa mtu mwema. Mimi nafundisha Kiswahili katika shule ya upili ya kutwa hapa Kawangware, nasimamia klabu ya vitabu ya wanafunzi, na nimewaona wakilia. Wanalia vizuri sana. Mwaka mmoja tulichagua mada moja kwa muhula mzima: shujaa aliyetengwa na jamii yake. Mada hiyo inapendwa. Ukitaka kuona vijana wakigombania kuongea, wape mhusika aliyefukuzwa kijijini kwao.

Riwaya tuliyosoma ilikuwa ya kijana wa ukoo wa wachimba makaburi. Kijijini hakuna anayepokea maji kutoka mikononi mwake. Akienda kisimani, wenzake husubiri aondoke na maji yatulie ndipo wateke. Wanafunzi wangu walikichukia kile kijiji kana kwamba kiko hapo Riruta Satellite na wanaweza kwenda kukipiga mawe jioni. Mmoja alisema watu kama hao hawastahili hata kuchimbiwa makaburi. Nilicheka, lakini nilifurahi pia.

Aliyeongea vizuri kuliko wote alikuwa msichana wa kidato cha tatu, mpole, mwenye tabia ya kufunga kitabu kabisa ndipo aseme anachofikiri. Wenzake walipomsifu yule kijana kwa uvumilivu wake, yeye aliuliza kwa nini lazima avumilie. "Kwani yeye ndiye ako na shida?" alisema. "Mbona hakuna chapta hata moja inauliza hao wengine wanaogopa nini?" Nikajua nimepata msemaji.

Na msemaji tulikuwa tunamhitaji. Tuna klabu rafiki kule Makina, Kibera, na kila muhula tunakutana nao. Mara hii kulikuwa na kongamano la klabu za vitabu mjini, na klabu zetu mbili zilitakiwa kupeleka mtu mmoja tu. Tulikubaliana na mwalimu mwenzangu wa Makina kwamba kila upande utoe mzungumzaji, wote wawili waongee siku ya kukutana, tunywe chai, kisha wanafunzi wapige kura. Msichana wangu aliitaka nafasi hiyo kwa moyo wote. Hakusema, lakini alikuwa akibaki darasani wakati wa mapumziko akijizoeza kwa sauti ya chini, na siku moja aliniuliza kama huko mjini wanaozungumza husimama au huketi.

Sasa, klabu zetu zina desturi moja. Mgeni anayezungumza ndiye anayeleta kitu cha kula na chai. Tulianza hivyo kwa sababu hatukuwa na mfadhili, tukaipenda, maana ukishakula cha mtu inakuwa vigumu kumbishia kwa ubaya. Kwa hiyo siku ya kukutana msichana wangu alikuja Makina na beseni la mandazi yaliyopikwa na mama yake, yamefunikwa kitambaa, yananukia iliki hadi bawabu wa ukumbi akauliza sherehe ni ya nani.

Aliongea. Alisema mwandishi amewapa wanakijiji nafasi ya kulia mwishoni ili wajisikie vizuri, lakini hakuwapa kazi ya kumwomba yule kijana msamaha. Alisema kumwita mtu shujaa ni njia nyingine ya kutomkaribisha nyumbani. Mwalimu wa Makina alitoa leso akapangusa macho. Nilimwona kwa macho yangu mwenyewe, na nataka hilo likumbukwe.

Kisha chai ikamiminwa na beseni likafunuliwa. Hapo kijana mmoja wa Makina, aliyekuwa amemkodolea macho msichana huyo tangu mwanzo, akamwambia jirani yake, wala hakupunguza sauti, "Si huyu ni mtoi wa ule chura? Walikuwa wanaishi Kisumu Ndogo. Buda yake ndio huchota vyoo za huku. Hata hii ya hapa."

Kwa asiyeishi Kibera, mtoi ni mtoto, buda ni baba, na chura ni jina wanalobandikwa wanaume wanaotapisha vyoo vya shimo. Wanachota kwa ndoo, wanajaza mapipa, wanayasukuma kwa mkokoteni vichochoroni huku watu wakiziba pua. Wakigoma wiki moja tu, mtaa mzima utajua thamani yao. Familia ya msichana ilikuwa imehama Kisumu Ndogo, hapohapo Kibera, ikaja Kawangware, baba akaendelea na kazi yake kulekule Kibera. Sisi wa Kawangware hatukujua.

Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa afadhali wangemtukana, ningejua pa kuanzia. Beseni lilipita mkono kwa mkono na kila mmoja akalisogeza kwa mwenzake. Mmoja ameshiba. Mwingine jino linamuuma. Mwingine hapendi vitu vya mafuta, yeye ambaye muda mfupi uliopita nilimkuta hapo nje akimaliza chipsi. Na usidhani ni wa Makina tu. Rafiki wa dawati wa msichana huyo, mwanafunzi wangu mimi, aliyekuwa akila naye githeri katika sahani moja tangu kidato cha kwanza, alilipokea beseni, akalitazama, akalipitisha.

Lilirudi mezani limejaa vilevile. Nilichukua mandazi mawili kwa mpigo nikala nikiwatazama mmoja mmoja. Kwa hasira sikuonja hata hiyo iliki. Mwalimu wa Makina akaniinamia na kuninong'oneza, "Madam, tusiwalazimishe. Si unajua watoto." Akamtuma mtu dukani alete biskuti.

Biskuti. Mtu aliyetoka tu kumlilia mchimba makaburi wa kitabuni, leso yake haijakauka mfukoni, anaagiza biskuti. Nikamuuliza, "Mwalimu, asubuhi hii umeingia choo cha hapa?" Kuingia aliingia, nilimwona akitoka. Wote waliingia. Walistareheka kwa jasho la yule mzee, halafu wakaona kinyaa kwa unga uliokandwa na mke wake. Na hata kama angekanda yeye mwenyewe, sabuni si imejaa madukani?

Biskuti zikaliwa zikaisha, kura ikapigwa. Alishinda mzungumzaji wa Makina, kijana nadhifu ambaye hotuba yake ilijaa neno "jamii" na sikumbuki kingine. Wanafunzi wangu nao walimpa kura zao, na walipoinua mikono hawakunitazama.

Nilidhani yameishia hapo. Mwalimu wa Makina akasimama, akatabasamu, akasema hotuba ya dada yetu wa Kawangware ilikuwa na hoja nzito sana, kwa hiyo ingefaa ampe mshindi karatasi zake azitumie mjini, kwa sababu sisi sote ni kitu kimoja. Nilifungua mdomo nimwage yote yaliyokuwa kifuani. Msichana akanitangulia.

Alisimama. Sauti yake ilikuwa ileile ya darasani. "Nitampea, mwalimu," alisema. "Lakini kwanza mkule mandazi."

Akalisukuma beseni katikati ya meza na kusubiri. Aliwapa nafasi, hilo lazima niliseme, na alisubiri kuliko ambavyo mimi ningeweza. Mshindi aliangalia viatu vyake. Yule rafiki wa dawati wa msichana alianza kulia, na sikumwonea huruma hata chembe, kwa sababu mkono wake ulibaki mapajani. Mwalimu alisema yeye ana vidonda vya tumbo, daktari amemkataza. Kisha akanigeukia. "Madam, huyu mtoto afunzwe heshima."

Nikamwambia heshima ndiyo hiyo hapo kwenye beseni, na imewashinda kula. Nilisema na mengine ambayo siyaandiki hapa, na siyajutii.

Msichana alirudisha kitambaa juu ya mandazi, akakunja karatasi zake, tukatoka. Wenzake walitufuata kwa mbali hadi Kawangware. Tulipokaribia Satellite, rafiki yake alimfikia na kumwomba amsaidie kubeba. "Wacha tu," alimwambia. "Si nzito." Hakumwambia kwa ukali, wala hakumtazama.

Kongamano la mjini lilifanyika. Nilisikia kijana wetu alizungumzia shujaa aliyetengwa, akapigiwa makofi, na baadhi ya watu ukumbini wakatokwa na machozi. Sikushangaa. Machozi ni kitu cha bure, na anayelia huondoka akijiona amefanya kazi.

Nilifikiri msichana hatarudi klabuni, na hilo ndilo lililoninyima usingizi, maana nafasi ya mjini ilikuwa imekwenda lakini msomaji kama yule simpati kila mwaka. Ijumaa iliyofuata alikuja. Aliketi dawati la mbele, peke yake. Nilikuwa nimetandaza mezani vitabu vya muhula uliofuata ili wachague: kimoja cha yatima aliyefukuzwa na shangazi, kimoja cha mgonjwa aliyehamishiwa porini, kimoja cha mtoto wa mtumwa. Wote mashujaa, wote wavumilivu, na wote ni mimi niliyewachagua. Alivichukua kimoja kimoja, akasoma maelezo ya nyuma, akavirudisha palepale.

"Madam," aliniuliza, "hakuna kitabu cha mtu ambaye anaalikwa tu kwa watu, anakula, anaenda nyumbani?"

Nilitafuta katika rafu zote hadi kengele ya kwenda nyumbani ikalia. Hakikuwepo.