Kiko cha Bomba la Maji

Watu wa kwetu hawakuwa na jina la kumwita msichana anayechomelea vyuma, kwa hivyo waliniita kila kitu kingine. Miaka ya tisini ilikuwa ndiyo inaanza. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na alama ambazo hazikumfurahisha mtu, na badala ya kwenda kujifunza kushona kama nilivyoshauriwa, niliingia kwenye vibanda vya mafundi wa jua kali mjini Nyeri nikamwomba mzee mmoja aliyetengeneza mageti anifundishe kazi. Alicheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akanipa tupa na kipande cha chuma, akaniambia nisugue mpaka achoke kuniangalia. Nilisugua siku nne. Siku ya tano akanipa miwani ya kuchomelea.

Baba hakucheka. Alikaa miezi mitatu bila kunisemesha. Mimi ndiye binti wa kwanza, na kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba yake. Kwa hivyo tangu nizaliwe baba aliniita mama. Mzee huyu aliyestaafu kutoka kiwanda cha kahawa, aliyezoea kuwakemea watu wakubwa kwa sababu ya kahawa mbichi, alikuwa akiniambia, "Mama, niletee kiti," kwa sauti ya mtoto anayeomba ruhusa. Sasa akawa haniiti chochote. Nilifika nyumbani, upande wa Karatina, kila Jumamosi baada ya kazi ya nusu siku, nikapika, nikafua nguo zake, nikarudi mjini Jumapili jioni, na muda huo wote yeye alizungumza na ng'ombe.

Kilichotupatanisha ni kiko. Baba alivuta tumbaku tangu ujana wake, ile nyeusi ya kusokotwa aliyoletewa kutoka soko la Murang'a, na kiko chake cha mti kilikuwa kimeungua chini mpaka kikatoboka. Alikuwa amekiziba kwa udongo, udongo ukaanguka, akaziba tena. Jumamosi moja nilimwona akivuta huku amekinga tundu kwa kidole gumba, na kidole kinaungua, na hataki kukubali kwamba kinaungua. Nilirudi mjini nikaokota kibandani kipande cha bomba la maji, lile la kijivu linalopakwa zinki ili lisishike kutu. Nilikikata urefu wa kidole, nikakiziba chini kwa bati nene, nikatoboa tundu ubavuni na kutia mrija mwembamba, na mwisho wa mrija nikafunga kipande cha mutamaiyu, mzeituni wa porini, nilichokichonga mwenyewe. Kwa nje nilikisugua pale tu nilipotaka kuchomelea. Ndani nilikiacha kiking'aa, kwa sababu niliona kinapendeza.

Alikipokea, akakigeuza huku na huku, akakigonga kwenye mguu wa kiti kuona kama kitavunjika. Kisha akajaza tumbaku, akachukua kaa la moto jikoni, akavuta.

"Mama," alisema, "kumbe wewe ni fundi."

Nakiri kwamba nililia, ingawa nilisingizia moshi. Jumapili hiyo alikibeba kanisani mfukoni mwa koti na baada ya ibada akawaonyesha wazee wenzake. Wiki iliyofuata hata mwenye duka la mbolea aliniuliza kama ninaweza kumtengenezea yeye pia.

Kwa furaha hiyo nilijipa kazi. Kila Jumamosi nikifika, kabla hata ya kunywa chai, nilikichukua kile kiko nikakisafisha. Nilitoa masizi kwa spoku ya baiskeli, nikamwaga maji ya moto, kisha nikaingiza brashi ya waya nikasugua ndani mpaka chuma kikang'aa kama siku niliyokitengeneza. Baba alipenda hivyo. Alisema tumbaku inakuwa tamu kikiwa safi. Alijaza, akakaa nje pamoja nami, akavuta mara mbili tatu kabla ya jua kuzama.

Kisha akaanza kuugua. Jumapili ya kwanza mke wa kaka yangu, aliyeishi boma moja na baba, aliniambia asubuhi kwamba mzee hawezi kwenda kanisani. Ametetemeka, amelowa jasho, na anasema mdomo una ladha ya sarafu. Kaka alikuwa akifanya kazi Sagana na alikuja mara moja kwa mwezi, kwa hivyo mzigo wa mzee ulikuwa wa mkewe, na sina la kumlaumu kwa namna alivyomtunza. Jumatatu baba alikuwa mzima. Jumapili iliyofuata, tena. Kliniki ya sokoni wakampa dawa za malaria. Malaria, kwenye baridi ile, mahali ambapo mbu mwenyewe angehitaji sweta. Akazinywa zote, na Jumapili akatetemeka vilevile.

Baada ya wiki tano mke wa kaka alifanya hesabu yake. Alinifuata kwenye kisima.

"Mzee anakuwanga tu sawa," alisema. "Jumatatu sawa, Jumatano sawa, Ijumaa anakata nyasi. Ukikuja, anagonjeka. Ukienda, anapona. Sasa hiyo mimi nitaiita nini?"

"Iite homa."

"Ati homa inajua Jumamosi? Wewe umeleta mambo ya wahunzi kwa hii boma."

Msomaji asiye wa kwetu ni lazima ajue kwamba zamani wahunzi waliogopwa. Mhunzi akikulaani, laana yake haikutoka kirahisi. Ilihitaji mbuzi, wazee na maneno yake. Na mhunzi hakuwa msichana. Mke wa kaka hakuwa mshirikina kuliko wengine. Aliimba kwaya na alijua Biblia kunishinda. Lakini alikuwa amemwona mzee akitetemeka Jumapili tano, na alitaka nisije tena mpaka kaka atakaporudi na kutafuta mbuzi.

Nilimwambia nitakuja kila Jumamosi mpaka siku nitakayokufa, na kama anataka kunizuia, akaweke geti, na hilo geti nitamtengenezea mimi. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba niliacha ndoo pale kisimani. Kufukuzwa nyumbani kwa baba wakati ndio kwanza ameniita fundi! Niliapa kwamba nikikosa kitu kingine chote, hicho sitanyang'anywa.

Wiki hiyo tulipata kazi ya kuunga mabomba ya maji ya shule moja. Mvua ilinyesha siku nzima, kwa hivyo tulichomelea ndani, mlango umefungwa nusu, moshi mweupe umejaa mpaka hatuonani. Nilikuwa na haraka nikaacha kusugua zinki kabla ya kuchomelea, jambo ambalo mzee wa kibanda alikuwa amenikataza tangu mwezi wangu wa kwanza kazini. Jioni niliporudi chumbani kwangu, meno yaligongana. Nilivaa nguo zote nilizokuwa nazo na bado nikatetemeka. Mdomoni nilikuwa na ladha ya shilingi.

Asubuhi nilijikokota hadi kibandani. Mzee aliniangalia mara moja akanunua pakiti ya maziwa. Mafundi wote waliamini maziwa yanaosha kifua. Nimekuja kujua kwamba hayaoshi chochote, lakini wakati ule nilikunywa.

"Umekula zinki," alisema. "Si nilikuambia upige tupa kwanza? Hiyo rangi ikishika moto inakuwa moshi, inaingia kifua. Unatetemeka usiku, kesho unakuwa mzima. Na ujue leo ukivuta tena hutasikia sana, mwili imezoea. Pumzika siku mbili tatu urudi, inakugonga mpya."

Nilibaki nimeshika ile pakiti. Nilikiona kiko mbele ya macho yangu, na brashi yangu ya waya ikizunguka ndani yake. Katikati ya wiki masizi yalikuwa yakijenga ukuta kati ya moto na zinki, na baba akawa mzima. Jumamosi nilikuja mimi, binti mwema, nikaubomoa ule ukuta mpaka zinki ikang'aa tena, nikampa baba avute juu yake kaa la moto alilolipuliza kwa nguvu zake zote. Nilikumbuka pia unga mweupe niliokuwa nikiukuta chini ya kiko na kudhani ni majivu. Mke wa kaka alikuwa amehesabu sawasawa.

Ningeweza kunyamaza. Nimefikiria sana jambo hilo. Ningekiiba kile kiko, nikatengeneza kingine cha chuma cheusi kisichopakwa zinki kinachofanana nacho, nikasema nimekiremba upya. Homa ingeisha, mke wa kaka angeaibika, na mimi ningebaki fundi wa baba. Nilitembea na wazo hilo kuanzia Jumatano mpaka Ijumaa, na kila nilipolitazama lilinichukiza. Fundi anayeficha kazi mbovu ni mwizi tu aliyevaa ovaroli.

Jumamosi niliwakuta wote wawili jikoni. Nikasema yote, bila kupunguza: bomba, zinki, brashi.

"Si nilisema ni yeye?" mke wa kaka alimwambia baba.

"Si laana," nikasema. "Ni zinki."

"Na tofauti ni gani, kama ni wewe?"

"Tofauti ni kwamba laana inataka mbuzi. Hii inataka nyundo."

Nikakichukua kiko kutoka mkononi mwa baba, nikakiweka juu ya jiwe la kunolea panga, nikakipiga mpaka kikawa bapa. Baba hakunizuia. Alikuwa akilitazama lile bapa kama mtu aliyemwaga chai ya mgeni.

"Sawa," alisema. "Imeharibika. Sasa mama, chuma ingine iko? Ile haina hiyo sumu?"

"Iko. Chuma nyeusi."

"Unaweza nitengenezea nayo?"

"Naweza. Lakini sitengenezi."

Nilimweleza sababu. Kikohozi chake cha asubuhi hakikuanza na kiko changu. Nilikisikia tangu nikiwa darasa la pili. Ndicho kilichokuwa kikituamsha kwenda shule. Zinki ilimtetemesha siku moja kwa wiki, lakini tumbaku ilikuwa ikimla siku zote saba, na mimi nilikuwa nimekaa pale kila Jumamosi nikiipigia brashi ili iwe tamu. Nilimwambia sitaki kumuua kwa ufundi mzuri baada ya kushindwa kwa ufundi mbaya. Mke wa kaka aliinama kwenye sufuria akakoroga.

"Basi wewe si fundi," baba alisema. "Fundi anatengenezea mtu kitu ametaka."

Akatoka akaenda kwa ng'ombe.

Homa haikurudi. Jumamosi zilizofuata nilikwenda kama nilivyoapa. Alivuta tumbaku yake imesokotwa kwenye karatasi ya gazeti, akaupuliza moshi upande niliokaa. Sikuondoka pale. Neno mama lilikuwa limepotea tena.

Kisha siku moja ya kazi, saa nne asubuhi, niliinua miwani nikamwona amesimama mlangoni mwa kibanda. Kofia, koti la Jumapili, fimbo. Hakuwahi kukanyaga pale, hata siku moja. Alinipita akaenda moja kwa moja kwa mzee wangu, akamsalimia kwa heshima zote, akamwambia anataka kutengenezewa kiko cha chuma cheusi.

Mzee alinitazama mimi. Nami nikamwambia, mbele ya baba, kwamba akikitengeneza nitavua ovaroli saa hiyo hiyo na sitarudi. Nilijua hakuna kibanda kingine Nyeri kitakachonipokea. Mzee alikuna kidevu, akasema, "Mzee mwenzangu, ongea na fundi wako mwenyewe," akarudi kwenye kazi yake.

Baba hakuongea na mimi. Alivuta debe tupu la rangi, akalifuta kwa leso, akaketi. Nilikuwa na geti la mtu la kumaliza kabla ya jioni. Nikateremsha miwani nikaendelea, na kila nilipoiinua kubadilisha fimbo ya kuchomelea nilimkuta palepale, amekinga macho kwa kofia lakini anatazama. Mchana niliagiza chai, nikampelekea kikombe. Akanywa. Alikaa mpaka tukafunga.

Aliposimama alilisogelea lile geti, akapitisha kidole gumba polepole juu ya kila kiungo, kuanzia chini mpaka juu.

"Hii umeunga vizuri, mama," alisema.

Kisha akavuka barabara, akaingia dukani, akanunua pakiti ya sigara. Alitoka akawasha moja, akasimama pale ng'ambo akivuta, ananitazama, mpaka alipohakikisha kwamba nimemwona.