Ngozi ya Mtoto Anayelia

Juzi hapa Bariadi mpiga ngoma alimtisha mwanangu kwa utani, nikamfokea mbele za watu. Wakasema nina hasira za bure.

Nilipokuwa mtoto, mjomba wangu alikuwa na ngoma kumi na mbili. Alasiri moja alizizungusha kwenye moto wa mabua ili ngozi zikaze, akigonga moja moja na kutega sikio. Manyoya yaliyoungua yalinuka.

“Hii kubwa bado haina sauti,” aliniambia akicheka. “Inataka ngozi ya mtoto anayelia sana, kama huyo uliyembeba.”

Sasa najua alitania. Siku ile nilikimbia na mdogo wangu hadi kwenye shamba la pamba, nikamziba mdomo kwa kanga mpaka akalegea.

Mama na majirani walitukuta huko; mama akaninyang'anya mtoto, akampepea. Mtoto alipolia, wote walishangilia. Mimi nilipiga magoti: “Mama, mnyamazishe, mjomba atasikia!”