Printa Isiyolia

Eunike aliingia dukani kwangu Themi akiwa amebeba begani fremu tupu, kubwa kama dirisha la jikoni. Ilikuwa Jumatatu, masika yamepamba moto, na matope ya kijijini kwao Akheri yalikuwa bado kwenye buti zake. Kabla hajafungua mdomo nilijua huyu hakuja kununua chaja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Saruni wa printa?"

"Ndiye mimi."

"Nataka printa ya kuweka nyumbani, ya picha kubwa. Isiyolia."

Mimi naishi kwa kuelewa upesi. Nilikulia mnadani kule Oldonyo Sambu, nikiuza mbuzi wa watu kabla sijawa na wangu, na mnadani ukichelewa kumwelewa mteja utamkuta ameshahamia kwa jirani. Isiyolia. Basi nyumba ni ndogo, pengine kuna mjukuu mchanga, mama hataki kelele. Nikamshushia printa nyeupe, mpya kabisa, ile ya kujaza wino kwa chupa. Nikaiwasha.

"Sikiliza, mama. Unasikia kitu? Paka anapumua kwa sauti kubwa kuliko hii."

Picha ya twiga ikatoka, inang'aa. Eunike akaitazama mbele na nyuma, akaiacha ikauke, kisha akachovya vidole kwenye kikombe changu cha chai na kumnyunyizia twiga. Tukasubiri. Haikuchukua muda, madoa ya twiga yakaanza kuteremka miguuni.

"Unaona? Inalia."

"Mama, hiyo ni chai!"

"Na Akheri kunanyesha nini, soda?"

Nikavuta kiti, nikamkaribisha. Mteja anayemwaga chai kwenye mali yako bila kuomba radhi ana pesa, au ana shida kubwa. Huyu alikuwa na vyote viwili.

Ni mkulima wa migomba na kahawa, mwenye miaka hamsini na mitano. Kamera yake aliinunua kwa ndizi, mkungu baada ya mkungu, na hakuna aliyemfundisha kuitumia. Alipiga picha za kipaimara, akapiga za harusi, kisha za misiba, ambako ndiko kazi kubwa ilikuwa. Kwao marehemu haendi kaburini peke yake. Picha yake kubwa hutangulia mbele ya jeneza, kutoka sebuleni hadi migombani anakozikwa, na baada ya hapo hutundikwa ukutani miaka yote.

Masika ya mwaka uliopita alichapisha picha ya mzee mmoja kwa printa ya aina ileile niliyomwonyesha, vipande viwili vilivyounganishwa kwa gundi. Wakiwa njiani kwenda kaburini, mvua ikashuka. Wino ukatiririka kuanzia machoni hadi kwenye tai. Waimbaji wakakata wimbo. Ndipo shangazi wa marehemu, bibi anayeitwa Hedwiga, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Mzee analia kwa ajili ya mpaka wa kihamba!"

Kihamba, lile shamba la ukoo, kilikuwa na ugomvi kweli. Udongo haujajaa kaburini, wana wawili wa marehemu wakawa wameshikana mashati. Tangu siku hiyo Eunike akaitwa Mama Machozi. Mwaka mzima watu walimwalika msibani kula wali, si kupiga picha.

"Jumamosi tunamzika Mzee Aminieli, mwalimu wa kwaya," akaniambia. "Watoto wake wote wamenikataa. Mjane wake, Hanna, ndiye aliyesema kazi ni yangu. Na hii ikilia, mwanangu, kamera naiuza. Nitabaki na ndizi."

Nikamtolea printa nyingine, yenye wino mzuri zaidi. Akachukua karatasi yake kubwa kuliko zote, akaiweka ndani ya fremu. Ikabaki nafasi ya kupitisha mkono kila upande.

"Marehemu ataonekana kama mtu anayechungulia kanisani amechelewa," akasema. "Ile ya pale kwenye kona ni nini?"

Pale kwenye kona, chini ya gunia, palikuwa na printa niliyoinunua kwenye ofisi ya wachora ramani iliyofungwa. Ilikuwa imekaa miezi minane. Nzito kama ndama, na karatasi yake ilitosha fremu ile na kubaki. Sikumwonyesha mapema kwa sababu ilipiga kelele kama mashine ya kusaga, na mimi bado nilikuwa na neno lake la kwanza kichwani.

Nikaiwasha. Meza ikatetemeka.

"Hii inalia, mama. Sikufichi."

"Ilie yenyewe. Picha inyamaze."

Akaimwagia chai yote iliyobaki. Picha ikalowa, akaifuta kwa upindo wa kitenge, rangi hazikusogea. Nikamweleza kwamba wino wa hii ni chembe laini za rangi zinazoganda juu ya karatasi, wakati wa ile nyeupe ni rangi iliyoyeyushwa tu, ikikutana na maji inakumbuka kwao. Nikaona amekolea, nikataja bei yangu ya milioni moja na nusu, na kwa kujisifu nikaongeza kwamba sisi watu wa mnadani hatuuzi wala hatununui mnyama bila kumfungua mdomo tukaona meno.

"Vizuri," akasema. "Basi na mimi nifungulie mdomo wake."

Alitaka karatasi ya majaribio, ile yenye mistari ya kila rangi. Sikujua kwamba anaijua. Ikatoka. Akaisogeza mlangoni penye mwanga, akaweka kidole kwenye mstari wa kijivu, mahali ulipokatika.

"Hapa pana pengo, Saruni. Ng'ombe wako ni mzee."

Nikasema ni kukaa bila kazi tu, nikisafisha litaziba. Akasema nisafishe basi. Nikasafisha mara tatu mbele ya macho yake, pengo likaziba, na bei ikawa imeshashuka hadi milioni moja na laki mbili, wino wa kuanzia ukiwa juu yangu. Halafu akaniwekea sharti ambalo sijawahi kuwekewa hata na Wasomali wa mnadani: nusu sasa, nusu baada ya mvua. Picha ikilia, narudisha pesa zake na kufuata mashine yangu.

"Na isiponyesha Jumamosi?"

"Akheri? Masika?" Akacheka hadi akakaa.

Jumamosi nilikwenda mwenyewe. Sikumjua marehemu, nilifuata nusu yangu. Mjukuu mkubwa, Elinipa, alikuwa amebeba picha, na Mzee Aminieli alionekana kama anataka kutoa sauti ya kwanza ya wimbo. Wingu likashuka kutoka Mlima Meru. Mmoja wa wana akaja na nailoni kuifunika.

"Toa hiyo," Eunike akamwambia. "Baba yako hakuwa anaogopa maji."

Mvua ikapiga. Nakwambia, hakuna aliyetazama jeneza. Watu mia tatu walitazama uso mmoja, na mimi nikiwa miongoni mwao, nimesahau hata mwavuli. Maji yalitiririka juu ya picha, safi kama yalivyotoka mawinguni. Shangazi Hedwiga, yuleyule wa mwaka uliopita, akatoka kwenye mstari, akapangusa shavu la picha kwa kiganja, akakitazama kiganja.

"Huyu ameridhika," akatangaza.

Kwaya ikapokea wimbo. Eunike hakutabasamu, alinyoosha mgongo tu, akainua kamera akaendelea na kazi.

Nusu yangu nililipwa, ila nilipoteza laki tatu za bei na wino, na twiga mmoja. Nilichopata ni jagi la maji la kujaribia picha: liko kaunta kwangu mpaka leo, na mteja wa picha kubwa namuuliza kwanza, nini kisilie, mashine au picha? Eunike huwasha ile mashine kila wiki, ana kazi ama hana, ili pengo lisirudi. Wanamwita kote jirani na kwao, kutoka Usa hadi Poli, na jina la Mama Machozi sijalisikia tena.

Mwaka jana nilimpelekea picha ya baba yangu aikuze. Alipomaliza akaimwagia maji mbele yangu, akaifuta, akataja bei ileile anayomtajia kila mtu.

Nililipa bila kuomba apunguze. Katika biashara yangu yote ni mara hiyo moja.